Mwanga kachinjwa, wafu wamebaki: mwisho wa His House

Tangu His House, filamu ya kutisha, iingie Netflix tarehe 30 Oktoba 2020, swali ninaloulizwa zaidi kuhusu filamu hii ni moja: mwishoni wameshinda au wameshindwa? Mchawi kakatwa koo, matundu ya ukutani yamezibwa, mume na mke wanazungumza na maofisa kwa utulivu, halafu tunaoneshwa nyumba imejaa wafu. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda sinema, waliosema ni mwisho mwema na waliosema ni msiba mtupu walirushiana maneno mpaka msimamizi akafunga mjadala. Siku ile sikuandika kitu kwa sababu nilitaka kuirudia kwanza. Nimeirudia, na naona pande zote mbili zilikuwa zimekodolea macho mchawi. Hakuna aliyeuliza kisu kilikuwa mkononi mwa nani.

Kama hujaitazama, ishia hapa, tafuta saa moja na nusu yako, kisha urudi. Kuanzia sasa namwaga mchele kwenye kuku wengi.

Bol na Rial ni mume na mke kutoka Sudan Kusini. Wamekimbia mauaji, wamevuka jangwa juu ya gari lililofurika watu, wamepanda boti, na boti ikapinduka usiku. Msichana mdogo waliyekuwa naye, Nyagak, akafa maji. Yote hayo tunayapata dakika za mwanzo, harakaharaka, katika ndoto za Bol akiwa kizuizini Uingereza. Kisha wanaitwa mbele ya jopo na kuambiwa watatoka kwa dhamana wakati ombi lao la hifadhi likishughulikiwa. Wanasomewa masharti, wanapewa nyumba. Nyumba yenyewe ni chafu, ina mende, umeme wake ni wa kubahatisha. Mark, afisa wao (Matt Smith), anawaambia ni kubwa kuliko ya kwake, na anawaomba wawe miongoni mwa wale wazuri.

Bol, anayeigizwa na Sope Dirisu, anaibeba sentensi hiyo kama amri. Ananyoa nywele, anakwenda dukani kununua nguo zinazofanana na za familia ya kwenye bango, anaingia baa kuimba nyimbo za mpira na wazungu, anataka wale mezani kwa uma na kijiko. Rial, anayeigizwa na Wunmi Mosaku, anakaa chini na kula kwa mkono. Kijiko, anasema, kinampa ladha ya chuma. Mpaka hapo ungedhani unatazama filamu ya ndoa inayopata shida ugenini, na hata ingebaki hivyo ningeitazama. Lakini usiku ukuta unaanza kunong'ona.

Mdogo wangu, tuliyekuwa tunaitazama pamoja mara ya pili, alifika dakika ya ishirini hivi akachoka. "Dada, hawa si wahame tu?"

Ndilo swali la kila filamu ya nyumba yenye mashetani, na waandishi wengi hulikwepa kwa visingizio: mvua kubwa, gari limegoma kuwaka, baba mbishi aliyekwishaweka akiba yake yote kwenye nyumba. Remi Weekes, Mwingereza aliyeiandika na kuiongoza hii ikiwa filamu yake ndefu ya kwanza, hakuhitaji kubuni kisingizio. Alikikuta kwenye sheria. Tangu sheria ya uhamiaji na hifadhi ya mwaka 1999, muomba hifadhi wa Uingereza anayehitaji makazi ya serikali hupelekwa mahali serikali inapotaka, bila kuchagua mji wala nyumba. Kwa kawaida haruhusiwi kufanya kazi. Akingoja uamuzi zaidi ya miezi 12 anaweza kuomba kibali, na hata hapo ni kwa kazi za orodha maalumu. Akiondoka kwenye nyumba aliyopewa amevunja masharti. Kwa hiyo Bol anapokwenda ofisini kuomba wabadilishiwe nyumba hawezi kusema ukutani kuna maiti. Anasema kuna panya. Mzimu anaweza kumuua, ofisi inaweza kumrudisha kwenye vita, na anapima lipi bora. Mdogo wangu akanyamaza.

Mimi nimekulia Kasulu, wilaya yenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa hiyo namna mtu anavyojibu maswali ya ofisa akijua maisha yake yamening'inia kwenye jibu si jambo geni kwangu. Kuna sauti fulani ya adabu iliyopitiliza. Dirisu ameipata sauti hiyo barabara. Sisi wa huku tunajua pia kwamba wengi waliokimbia vita vilivyoanza Juba mwezi Desemba 2013, miaka miwili na nusu tu baada ya uhuru wa Julai 2011, hawakuiona Ulaya hata kwa mbali. Waliishia kwa majirani, wengi wao Uganda, ambako makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa mwaka 2016 na kujaa kwa muda mfupi sana. Bol na Rial ni wa wale wachache waliopita njia ya jangwa na bahari, na njia hiyo ndiyo inayozaa kila kitu kinachotokea ndani ya ile nyumba.

Sasa tuje kwa mwanga mwenyewe. Rial ndiye anayemjua. Anamsimulia Bol hadithi ya kwao: palikuwa na mtu maskini aliyetamani nyumba yake mwenyewe, akaitamani mpaka akaanza kuiba. Siku moja akamwibia mzee mmoja kando ya mto asijue kuwa mzee yule ni apeth, mchawi wa usiku. Nyumba ilipokamilika, apeth naye akahamia. Akawa ananong'ona ukutani, na kutoka gizani wafu wakaanza kuja, na asingeacha mpaka amle mwenye nyumba mzima mzima.

Itazame vizuri hadithi hii, kwa sababu funguo zote za mwisho zimo humo. Apeth hakukutwa ndani ya nyumba ile, na wala nyumba haikuwa na historia mbaya. Kwenye filamu nyingi za aina hii uovu ni wa mahali: hapa paliuawa mtu, pale palizikwa watu, na mgeni asiye na hatia anaingia bila kujua. Huku ni kinyume. Nyumba ya serikali ya Uingereza haina kosa lolote zaidi ya uchafu wake. Uovu umekuja na wapangaji, umevuka nao bahari, kwa sababu mmoja wao ana kitu cha wizi. Apeth anamwambia Rial waziwazi kwamba mumewe ni mwizi. Mtazamaji wa kwanza anadhani ni fitina ya shetani. Rial yeye hashtuki, na kwenye kurudia ndipo utagundua kwa nini hashtuki.

Ufunuo unakuja robo ya mwisho. Bol amekwishachoma moto vitu walivyotoka navyo kwao, amekwishavunja kuta kwa nyundo akiwatafuta wanaonong'ona, amekwishaketi mezani akajikuta anaelea baharini usiku huku waliokufa maji wakiinuka kumzunguka. (Tukio hilo la meza ndilo zuri kuliko yote katika filamu. Fundi wa mandhari na mpiga picha walilala macho kwa ajili yake, na inaonekana.) Amemfungia mkewe ndani ili asiondoke. Rial anachoropoka, na anapovuka mlango anajikuta kwao, darasani, katikati ya wanawake wenzake wanaomkumbatia. Ndipo tunapojua kwamba wote hao waliuawa, na yeye alisalimika kwa kujificha. Bol akamkuta, wakakimbilia mahali basi la mwisho lilipokuwa linapakia. Wanaoruhusiwa kupanda ni wenye watoto. Bol anageuka, anamwona msichana amesimama, anamnyakua, anapiga kelele kwamba huyu ni binti yake. Wakapanda. Mama wa yule mtoto akalikimbilia basi huku risasi zikilia, na basi halikusimama.

Nyagak hakuwa binti yao.

Nilipoitazama mara ya kwanza nilisimamisha filamu hapo nikaenda kuchemsha chai ambayo sikuinywa. Kwa zaidi ya saa nzima nilikuwa nimewalilia kama wazazi waliofiwa. Weekes anakufanya ushiriki kudanganya: umekubali neno la Bol vilevile mwenye basi alivyolikubali, kwa sababu mtu aliyebeba mtoto haulizwi cheti. Anayefahamu maisha ya kambini, ambako mgawo wa chakula hufuata idadi ya watu wa kaya, ataelewa zaidi kwamba mtoto anaweza kugeuka kuwa tiketi bila mtu yeyote kuwa na roho ya kinyama. Ni woga tu na hesabu ya sekunde mbili.

Kisha bei inatajwa. Apeth anamwambia Rial kwamba akipewa mwili wa Bol, Nyagak atarudi. Nyama kwa nyama. Bol, ambaye filamu nzima amekuwa akikana, anakubali, anajitoa alipe. Apeth anainuka kutoka chini ya sakafu na kuanza kumchukua. Rial ana Nyagak mkononi, kitu kilekile alichokitamani kupita vyote. Anauachia ule mkono, anachukua kisu, anamkata apeth koo.

Hapa ndipo watazamaji wanapogawanyika, na hasira kubwa niliyoisoma, hasa kutoka kwa akina mama, ni hii: amemchaguaje mwanamume aliyeiba mtoto wa watu, aliyemfungia ndani, badala ya mtoto mwenyewe? Naielewa. Mara ya kwanza nami niliona kama filamu imemwogopa Rial, imemrudisha jikoni kwa mumewe ili tumalize salama. Ila nadhani hasira hiyo inasahau jambo moja dogo lililo wazi kabisa: Rial naye alikuwa ndani ya lile basi.

Alikaa kitini. Alimsikia mama akilia nyuma. Hakusema "huyu si wetu". Na ilimpasa afanye nini? Sijui ningefanya nini mimi. Lakini tangu siku ile walikuwa wawili katika kosa moja, na alichokifanya apeth kwa ujanja mkubwa ni kulifanya kosa liwe la mmoja. Msikilize anavyozungumza naye. Kwa Bol anakuja na vitisho, anamwita mwizi, anamletea maiti. Kwa Rial anakuja kwa sauti ya kubembeleza, anamwita upande wake, anamfanya shahidi wa mashtaka. Mumeo ni mwizi. Wewe ni mama aliyenyang'anywa. Ni zawadi kubwa sana kwa mtu mwenye dhamira inayomchoma. Mpe mumeo, wewe utatoka safi, na mtoto juu yake.

Ndiyo maana nimeng'ang'ania mkono ulioshika kisu. Kama Bol angemuua apeth, tungekuwa na mdaiwa aliyemuua mdai wake, na hiyo ni dhuluma ya pili juu ya ile ya kwanza. Kama apeth angeshinda, deni lingelipwa na Rial angebaki na mikono isiyo na damu, akikilea kitu chenye sura ya Nyagak. Rial anapokata lile koo anaikataa nafasi ya kuwa msafi. Anarudi kwenye kiti chake ndani ya basi, pembeni ya mumewe. Kwangu hicho ndicho kinachotokea, na hakina uhusiano mkubwa na kusamehe. Sikumbuki filamu ikimpa Rial hata sentensi moja ya kumwambia Bol yamekwisha.

Kuna jambo jingine la kimila ambalo wachambuzi wengi wa Ulaya na Marekani hawakuligusa. Kwa Wadinka wa Sudan Kusini, kama kwa Wanuer majirani zao, damu iliyomwagika hulipwa kwa ng'ombe, na ng'ombe hao huenda kwa ndugu wa marehemu. Wanaweza hata kutumika kumwolea mke marehemu mwenyewe ili watoto wazaliwe kwa jina lake na ukoo usikatike. Waislamu wa pwani nao wanaijua dia, yaani fidia ya damu, na mantiki inafanana: kuna mwenye haki ya kupokea. Swali la kumuuliza apeth basi ni swali ambalo mzee yeyote wa baraza angeuliza kabla hata ya kukaa: wewe ni nani wa marehemu? Si mama yake, si mjomba wake, si ukoo wake. Ni mwanga aliyeona deni limelala njiani akaliokota aende kulidai kwa faida yake. Anataka mwili wa Bol ale yeye. Hakuna sehemu yoyote ya mapatano yale ambapo yule mama aliyelikimbilia basi anapata chochote.

Ukimwona apeth hivyo, kumuua hakufuti kitu. Kunaondoa dalali. Deni lenyewe limebaki palepale lilipokuwa, kwa mtu ambaye pengine naye aliuawa dakika ile ile barabarani, na ambaye hakuna njia ya kumfikia. Ndiyo maana wafu hawaondoki. Wangekuwa ni kazi ya uchawi wa apeth, wangetoweka na damu yake. Wamebaki kwa sababu hawakuwa wake tangu mwanzo.

Sekondari nilisoma Tanga, na huko nilihudhuria ngoma za pepo zaidi ya walizojua wazazi wangu. Pepo akipanda kichwani kwa mtu, fundi, yaani mganga wa pepo, hamkimbizi. Anamsalimia. Anamuuliza jina, ametoka wapi, anataka nini kwa kiti chake, yaani huyo mtu aliyempanda. Pepo hutaja mahitaji: kanga ya rangi fulani, pete, damu ya mbuzi, ngoma ichezwe siku kadhaa. Wanajadiliana kwa heshima kama watu wa posa, mpaka wapatane. Mtu aliyelelewa na hayo akiitazama His House haoni ajabu kwamba shetani anataja bei, angeshangaa asipotaja. Kinachomshtua ni kwamba baada ya bei kutajwa, baada ya mdaiwa kukubali, mwanamke anavunja mapatano kwa kisu. Hilo pwani halifanyiki. Ndani ya mila za kwetu bara, kwa upande mwingine, tukio la mwisho kabisa linasomeka bila taabu: wafu wanaishi na walio hai, wanatajwa, wanapewa nafasi, hawafungiwi nje. Filamu inaanza na mtu anayepigilia kuta na kuchoma vitu, inaishia na mtu anayewaachia wafu sebule.

Maana hicho ndicho Bol anachowaambia maofisa wanapokuja kukagua. Kuta zimetengenezwa. Mark na wenzake wanataka kujua habari za yule mchawi waliyetajiwa mara iliyopita, na Rial anajibu kuwa amemuua. Bol anaongeza kwamba mizimu yako hukufuata, haikuachi, unaishi nayo. Na kwamba alipoiruhusu iingie ndipo alipoweza kuanza kujikabili mwenyewe. Halafu tunawaona wawili hao wakiwa wamesimama na Nyagak yupo, na wengine wamejaa chumba, wale wote ambao hawakufika.

Tazama ni umati wa namna gani. Nyumba hii ilikuwa na kesi ya mtoto mmoja, sasa ina watu chungu nzima. Bol hakuwaiba hao. Walikufa tu njia ileile aliyopita akapona. Hapo filamu inatoka kwenye kosa la mtu mmoja na kuingia kwenye lile jambo ambalo kila aliyenusurika analijua bila kufundishwa, yaani kwamba nafasi yako kwenye basi, au kwenye boti, ilikuwa nafasi ya mtu. Rial anayo hadithi yake ya namna hiyo tangu mwanzo. Kliniki, daktari anapoona chale zake, anamweleza kwamba makabila mawili yalikuwa yanauana, akajichanja alama za pande zote mbili ili abaki hai. Ukisikia mara ya kwanza unadhani ni ushujaa. Ukirudia unasikia pia kwamba kuna waliokuwa na alama ya upande mmoja tu.

Kuna wanaosema apeth hakuwepo, yote ni kichwani, ni majeraha ya vita yanayozungumza. Sitalikalia sana hilo. Wote wawili wanamwona, kila mmoja kwa wakati wake, na Rial anazungumza naye kabla Bol hajakubali kuwa yupo. Mkurugenzi amempa umbo na mwili kabisa: ni Javier Botet, yule Mhispania mrefu mwembamba ambaye viungo vyake vimekodiwa na nusu ya filamu za kutisha za miaka hii. Kudai kwamba ni "fumbo tu" ni namna ya mtazamaji kutaka kutoka salama, amwonee Bol huruma ya mgonjwa badala ya kumwona mtu aliyefanya kitu. Na kudai ni jini tu, basi, jini auawe tulale, ni kutoka kwa mlango wa pili wa nyumba hiyohiyo.

Nina lawama moja kwa Weekes. Pambano lenyewe na apeth ni fupi na la kawaida mno. Filamu iliyojenga hofu kwa matundu ya ukutani na uzi unaovutwa kutoka gizani inageuka ghafla kuwa mapambano na mtu aliyevaa ngozi ya bandia, kisu, damu, kwisha. Uamuzi mzito kuliko wote unapita kwa kasi hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu wengi hawakuuona. Mosaku anauokoa kwa uso wake. Kuna nukta anautazama mkono wa mtoto kabla hajauachia, na kila nilichoandika hapa juu kuhusu basi kipo kwenye jicho lile. Alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya filamu huru za Uingereza kwa kazi hii, na Weekes akapata ya mwongozaji bora. Ya kwanza ningeigawa bila kikao.

Na serikali je? Hili watu hawaniulizi na linanishangaza. Mdai wa tatu bado yupo mlangoni. Kwenye tukio la mwisho hakuna karatasi ya hifadhi inayokabidhiwa; wako pale pale, watu wa dhamana, wanakaguliwa nyumba. Mark amelegeza uso, lakini kulegea kwa uso wa ofisa si kibali. Kilichobadilika ni jinsi wanavyomjibu. Mwanzoni Bol alisema panya. Sasa wanataja mchawi na mizimu mbele ya watu wenye makabrasha, kwa sauti ya kawaida, bila kujaribu kuwa wale wazuri. Kama ni ushindi, mimi ningeutafuta hapo.

Yule mama, hata hivyo, hana jina. Nimerudisha tukio la basi mara kadhaa kumtazama. Anapata sekunde chache, mdomo wazi, mikono mbele, kisha vumbi. Kila mtu katika nyumba ile ya Uingereza, hai na mfu, amepewa nafasi ya kusikilizwa isipokuwa yeye ambaye deni ni lake. Sisemi ni kosa la filamu; huenda ndiyo hoja yake. Ila ningelipa kiingilio leo hii kuitazama nyingine inayomfuata yeye, kuanzia pale barabarani, basi lilipokata kona.